Brashi Iliyofuta Neno "Si"

Ninyi mnaoanza kazi ya kuosha madirisha, chukueni brashi mliyonunua, muipitishe shavuni. Msicheke, fanyeni. Ikiwachoma, ipelekeni sakafuni, maana huko ndiko kwao. Na mkiona aibu kufanya hivyo mbele ya mwenye duka, jueni kwamba aibu mtakayoiona mbele ya mwenye kioo ni kubwa zaidi, na haina mahali pa kuirudishia.

Kipimo hicho si changu. Ni cha Mama Apolonia, mjane aliyeishi mtaa wa Malangali, aliyekuwa akiosha madirisha tangu siku ambazo Sumbawanga ilikuwa na vioo vichache kiasi kwamba kila kimoja kilijulikana ni cha nani na kilipasuliwa lini. Alikuwa mfupi, mkali, na mchoyo wa maneno. Siku aliyonipokea kazini alinipa brashi mbili, akaniamuru nifumbe macho na kuzipitisha juu ya kope, moja baada ya nyingine. Ya kwanza niliipitisha. Ya pili ilipokaribia, mkono wangu wenyewe ulikataa.

"Basi kazi umeshaijua," akasema. "Yaliyobaki ni maji."

Nimestaafu mapema. Bega la kulia lilistaafu kwanza, nami nikaona si adabu kuliacha liende peke yake. Sasa ninasoma vitabu asubuhi, na nimegundua kwamba wenye hekima wameandika mengi juu ya nafsi ya mwanadamu na machache sana juu ya brashi. Nafsi haikosi watetezi. Nitasema juu ya brashi.

Tuanze na kosa letu wenyewe, sisi tuliokulia katika nyanda hizi. Usafi tulifundishwa na sufuria. Nani kati yenu hakuwahi kupelekwa mtoni na masizi ya wiki nzima, akapewa mchanga na majivu, akaambiwa arudi tu atakapojiona usoni kwenye kitako cha chombo? Msichana alisifiwa kwa vitako vya sufuria zake, na mvulana aliyesugua kwa ulegevu aliitwa mvivu mbele ya wageni. Kwa hiyo tumekua tukiamini kwamba mkono mgumu ni sehemu ya dini, na kwamba uchafu hutoka kwa kutishwa. Imani hiyo imeharibu vioo vingi kuliko mawe ya watoto. Sufuria husamehe, ukiikwaruza leo, kesho utaikwaruza tena na hakuna atakayejua. Kioo hakisamehe, na zaidi ya hapo, kila siku jua linapotua humwonyesha kila mpita njia ulichokitenda.

Tena fikirini juu ya vumbi letu. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, upepo wa uwandani huleta vumbi jekundu lenye chembe za mchanga, pamoja na majivu ya mashamba yaliyochomwa. Ukilipa vumbi hilo maji na brashi ngumu kwa wakati mmoja, hujaosha, umesaga. Kwanza lipangusweni likiwa kavu, kwa brashi yenye nywele ndefu na laini, kutoka juu kwenda chini, pasipo kukandamiza. Maji yaje baadaye, kama mgeni anayesubiri kuitwa.

Kuna kijana tuliyemtuma kuosha dirisha la duka lililopakana na mashine ya kusaga, karibu na soko la nafaka. Kioo kilikuwa kimefunikwa na unga wa mahindi tangu mavuno. Kijana hakupangusa. Alimwaga maji ya moto, kwa kuwa asubuhi ile kulikuwa na baridi na alitaka kuipasha moto mikono yake. Unga ule ukawa uji. Alipokwenda kutafuta brashi nyingine, jua likapanda, na uji ukasonga mbele katika safari yake ya kawaida. Nilipofika nilikuta kitu ambacho ningeweza kukikata kwa kijiko. Tulikikwangua hadi adhuhuri. Kuku walishiriki.

Brashi huzaliwa na cheo, na huzeeka kwa kushushwa cheo. Ikiwa mpya na laini, ni ya kioo. Mnapoikandamiza kiganjani na kuiachia, nywele zake lazima zisimame tena zenyewe. Siku zitakapoanza kulala, kioo kimekwisha kuikataa, ipelekeni kwenye fremu. Ikishindwa fremu, ikafanye kazi katika zile reli za madirisha ya aluminiamu, ambamo vumbi na umande hufinyanga tope kama la matofali. Baada ya reli ni choo, na baada ya choo ni moto. Msiipandishe brashi cheo hata siku moja. Nimeona mahali ambapo brashi ya reli ilirudishwa kwenye kioo kwa sababu ilikuwa karibu na mkono. Mambo mengi mabaya hutendeka kwa sababu yalikuwa karibu na mkono.

Tazameni pia ncha za nywele. Brashi nzuri ya maji ina ncha zilizopasuka, kila unywele umegawanyika mwishoni kama ufagio mdogo, nazo hubeba maji na kuyaachia polepole. Siku hizi zimekuja brashi zinazofungwa juu ya mti mrefu wa kuvutika, maji yakipita ndani hadi kwenye nywele, na mwoshaji anabaki chini kama anayechuma maembe. Ni jambo jema, bega langu lingelipenda. Lakini ipimeni brashi hiyo uzito ikiwa imelowa, si ikiwa kavu dukani. Mti ule ukiwa juu kabisa, na upepo wetu ukiamua kusema neno, brashi nzito itawachukua ninyi badala ya ninyi kuichukua.

Na msikaushe brashi ya nailoni kwenye jiko la mkaa. Ningeona haya kulisema jambo lililo wazi namna hii, ila nilifanya kazi na Festo.

Festo alikuja kutoka Mbeya kumfuata mjomba wake, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku. Alikuwa kijana mrefu, mwenye nguvu, mkweli, asiyechelewa kazini na asiyeiba sabuni. Julai yake ya kwanza alizianika brashi juu ya jiko ili asubuhi asishike kitu cha baridi, na asubuhi akazikuta zimejikunja kama nywele za mtu aliyetoka saluni. Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa brashi moja ya katani, ngumu kama kwato, aliyokuja nayo kutoka kwao. Mama yake aliitumia kusugulia vyungu. Festo aliiita Kamanda.

"Mkuu, hii haijawahi kushindwa," aliniambia.

Nilimjibu kwamba kitu ambacho hakijawahi kushindwa hakijawahi kufundishwa. Nilimruhusu kuitumia kwenye ngazi za saruji na kwenye kuta za mawe, nikamkataza kuipeleka kwenye kioo. Alikubali kwa moyo wote, kama watu wanavyokubali wakati wa kwaresima.

Wakati huo Festo alikuwa amempenda Sesilia, binti wa kijiji cha Msanzi aliyekuwa akishona nguo hapa mjini. Walijuana kupitia kioo cha duka la ushonaji, yeye akiosha nje na Sesilia akiwa ndani kwenye cherehani. Sesilia aliniambia kwamba alianza kumwangalia kwa sababu aliosha mahali palepale kwa muda mrefu mno. Sikuona kwamba hiyo ni sifa ya kazi.

Kizuizi kilikuwa baba yake, Mzee Oresto, mkulima wa mahindi na ulezi, mjane, msomaji wa masomo kanisani. Sesilia alipompelekea habari, mzee aliuliza kijana huyo anafanya kazi gani. Akajibiwa kwamba anaosha madirisha. Ya nani? Ya watu. Na yeye mwenyewe ana dirisha? Mzee akaamua kwamba hatapokea barua ya posa wala mshenga, hadi ajiridhishe kwa macho yake kwamba hiyo ni kazi ya kueleweka. Lini atakuja kujiridhisha, hakusema. Festo aliishi miezi kadhaa akimwamkia kwa unyenyekevu kila mzee aliyevaa koti.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana mambo yaliyofuata yaliletwa na brashi.

Katikati ya mji kulikuwa na jengo la ofisi, ambalo silitaji kwa kuwa wenyewe hawakuwa na kosa. Kando ya mlango halisi palikuwa na kioo kipana, kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Watu walikuwa wakikigonga. Wenye jengo wakamwita fundi wa maandishi, naye akaandika juu yake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zilizokaa kwenye usawa wa macho: SI MLANGO. Watu wakaacha kukigonga. Lakini fundi hakuwa amekipangusa kioo kabla ya kuandika. Rangi yake ilishika vumbi, na vumbi ndilo lililoshika kioo.

Mvua ya kwanza ilipokuja, gari lilipita kwenye dimbwi na kurusha tope juu ya upande wa kushoto wa maandishi. Kesho yake tulikwenda kuosha. Nilimpa Festo kioo kile, nikampa na brashi laini, nami nikazunguka nyuma ya jengo na ngazi. Tope lile lilikuwa limekauka. Brashi laini ilihitaji kuloweshwa, kusubiri, na kuloweshwa tena, yaani ilihitaji uvumilivu. Kamanda ilikuwa karibu na mkono.

Alisugua tope, na chini ya tope akasugua neno "si". Alikuwa ameanza kuikaribia "m" mama ntilie alipotuita kwenye chai na maandazi. Festo alikuwa mtu wa nidhamu, hakuchelewa chai. Alikisuuza kioo, akakikwangua maji kwa mpira, akakipangusa kingo. Lazima nikiri kwamba kilikuwa kimetakata kuliko kioo chochote nilichokiona mwaka ule. Kilikuwa kama hewa iliyoandikwa MLANGO.

Nimetafakari mara nyingi juu ya chai ile. Kama ingechelewa kidogo, Festo angefuta maneno yote mawili, na kioo kingebaki bubu, kama zamani. Kazi mbaya iliyokamilika ina unyoofu wake. Ni ile iliyoachwa nusu ndiyo hujifunza kusema uongo.

Tulikuwa tumeketi kando ya ukuta, vikombe mikononi, pale mzee mmoja mwenye koti la sufu na kofia alipovuka barabara. Alisimama mbele ya kioo. Alisoma. Akaenda.

Sauti iliyotoka haikuwa kubwa. Kofia ilianguka. Mzee hakupiga kelele wala hakumtaja mtakatifu yeyote. Alirudi nyuma, akaokota kofia, akaivaa, akasoma tena kwa makini, kisha akajaribu tena, safari hii kidogo upande wa kulia.

Nilikuwa nimekwisha kusimama.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hapa pameandikwa mlango."

"Palikuwa pameandikwa si mlango, mzee wangu."

"Hiyo 'si' iko wapi?"

Niligeuka. Festo alikuwa amesimama nyuma yangu na Kamanda, na katikati ya nyuzi za katani mlikuwa na punje nyekundu za rangi. Nimesema kwamba kijana huyo alikuwa mkweli. Aliinyoosha brashi mbele kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka.

"Iko hapa, baba."

Mzee aliitazama brashi, akamtazama mwenye brashi. Pua yake ilikuwa imeanza kuvimba, bila haraka.

"Nani amekuambia kwamba mimi ni baba yako?"

"Ni heshima tu, mzee."

"Basi ngoja kwanza. Hilo la ubaba ndilo lililonitoa Msanzi. Namtafuta kijana wa Mbeya anayeitwa Festo."

Festo akanitazama mimi. Nikaitazama chai yangu.

"Ndiye mimi," akasema.

"Ndiyo," mzee akajibu. "Kichwa kilikwisha kuniambia."

Tulimketisha. Mama ntilie alimpa chai, nami nikampa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi akiweke puani. Alikunywa kikombe kizima akikitazama kioo, akiinamisha kichwa huku na huku ili akione. Aliuliza maswali machache, yote kwangu. Aliuliza kama kijana hulewa, nikajibu hapana. Aliuliza kama ni mvivu, nikajibu kwamba tatizo lake liko upande wa pili. Aliuliza kama brashi ile ni ya kampuni au ya kwake. Niliposema ya kwake, alitikisa kichwa kwa muda, kisha akamgeukia Festo kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Kwangu kuna dirisha moja la kioo. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, njooni mlioshe wewe na huyu mzee wako, ndiye atakuwa mshenga. Brashi zako zote uje nazo, hata hiyo. Juu ya kioo changu kuna kitu ambacho sitaki kiondoke. Kikiondoka, na wewe ondoka."

"Ni kitu gani, baba?"

"Ningekuambia, ingekuwa ni kuosha tu."

Akainuka, akaaga, akaenda zake. Alipita mbali sana na kioo. Fundi wa maandishi aliitwa, akarudisha neno "si", na mara hii alipangusa kwanza.

Jioni ileile Festo alimpigia Sesilia. Sesilia akasema dirisha lile limejaa chokaa na masizi tangu alipopata akili, kwamba watu wengi wamejitolea kuliosha na baba yake amewakatalia, na kwamba juu yake hajawahi kuona kitu chochote isipokuwa uchafu. "Baba amenikataza kukuambia," alisema, "na mimi sijui ni nini nimekatazwa."

Kwa siku zilizobaki tulijiandaa kama watu wanaokwenda mtihani wa masomo wasiyoyajua. Nilimfundisha Festo upya, kuanzia shavuni. Nilimwambia kwamba watu hudhani brashi laini ni ya kuondoa uchafu mwepesi. Sivyo. Brashi laini ni ya kuonea. Ngumu huondoa kabla hujajua ulichoondoa. Laini hufunua kidogo, kisha inakusubiri uamue. Alinisikiliza hadi mwisho. Mtu akitaka kuoa, anafundishika.

Tulikwenda sokoni kutafuta brashi ya pembeni, kwa ajili ya mahali padogo pasipohitaji mkono mzima. Kwa kazi hiyo hakuna kitu kinachoishinda brashi ya nywele za mtoto mchanga, ile ndogo ya plastiki inayouzwa pamoja na mabeseni na poda. Festo alizijaribu shavuni, moja baada ya nyingine, akiwa amefumba macho. Mama muuzaji alimtazama kwa upole.

"Hongera, kaka. Wa kike au wa kiume?"

"Ni kioo," Festo akasema.

"Mungu awakuzie," akajibu, akaifunga kwenye mfuko.

Jumapili tulifika Msanzi upepo ukiwa bado haujaamka. Nyumba ya Mzee Oresto ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na madirisha yake yote yalikuwa ya mbao isipokuwa moja dogo, linalofikiwa na mtu aliyeketi, upande wa uani, lenye fremu iliyopata kuwa ya kijani. Sesilia alikuwa mlangoni mwa jiko akipepeta ulezi kwa ungo, amejitahidi sana kutotutazama. Mzee aliketi kwenye kigoda. Pua yake ilikuwa imerudi katika ukubwa wake, lakini bado ilikuwa na rangi isiyokuwa ya ukoo wao. Tuliamkiana, tukaulizana habari za mvua na za mashamba, kisha akaelekeza kidole.

Kioo kile hakikuwa kioo tena. Vumbi jekundu, masizi ya jiko, na juu ya yote matone ya chokaa, kwa sababu kuta zilipakwa upya kila Krismasi na hakuna aliyejali chokaa kinarukia wapi. Festo alitandika gunia, akazipanga brashi zake. Alipoifikia Kamanda aliishika kwa muda. Kisha akaiweka chini na kuikalia. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kuwa na uhakika kwamba mkono hautaikuta. Uhakika huo ulimchoma kazi nzima.

Akachukua brashi ndefu ya kupangusia, akaipitisha shavuni.

"Huko Mbeya mnaanza kwa kuosha uso?" mzee akauliza.

"Ni kipimo, baba."

"Haya. Pima."

Alianza juu. Vumbi lilishuka kama pazia. Hakukandamiza. Alipangusa sehemu, akasogeza kichwa pembeni akatazama, akapangusa nyingine. Kwenye masizi alipunguza mwendo. Mimi, kama mshenga, sikuwa na kazi isipokuwa kukaa kama mtu mwenye busara, na nawaambia kwamba ni kazi inayochosha. Mzee hakukitazama kioo. Alimtazama Festo mkono.

Alipofika pembe ya chini, upande wa kushoto, Festo aliusimamisha mkono. Katikati ya matone ya chokaa palionekana kitu cha kijani, kidogo kama punje ya njegere. Ingekuwa rahisi kudhani ni rangi ya fremu iliyodondoka. Mtu yeyote angeisugua. Aliweka chini brashi ndefu, akachukua ile ya mtoto, akaipitisha kuzunguka punje ile, kwa pumzi zaidi kuliko kwa mkono. Punje ikawa mstari mfupi. Kando yake ukatokea mstari mwingine, kisha mwingine.

Vilikuwa vidole.

Aliomba limao, Sesilia akamletea, akakamulia kwenye maji. Chokaa cha juu alikilowesha kwa kitambaa na kukiacha kilainike chenyewe. Chokaa kilicho karibu na vidole alikitoa kwa brashi ndogo, tone kwa tone, akiipangusa brashi kwenye shati lake kila mara. Mpira wa kukwangulia maji aliutumia sehemu ya juu tu. Huko chini alikausha kwa kitambaa, akigusa na kuinua, akigusa na kuinua. Alipomaliza, kioo kilikuwa kimetoweka, na hewani palikuwa na kiganja cha kijani cha mtoto asiyejua bado kutembea.

Mzee Oresto aliinuka. Alitembea kuelekea dirishani mkono wake ukiwa umenyooshwa mbele, kama mtu aliye gizani, hadi ncha za vidole zilipogusa. Tangu siku ile mjini alikuwa haviamini vioo. Mkono wake ulitua karibu na kile kiganja, haukukifunika.

"Kipo," akasema.

Kisha akaeleza, akiwa ametugeuzia mgongo. Fremu zilipokuwa zinapakwa rangi, mke wake alikuwa amesimama pale na Sesilia kiunoni. Mtoto aliishika fremu mbichi, akakipiga kioo kofi. Fundi alitaka kufuta. Mama alicheka, akakataa. Hakuishi hata kuiona Krismasi ya pili. Baadaye chokaa kikaja juu ya kiganja kile, na masizi, na mzee akashindwa kukiona, lakini aliogopa kukiosha, na waliojitolea kumsaidia walikuja wote na mchanga. Kwa hiyo aliamua ni afadhali kiwepo bila kuonekana.

Sesilia alikuwa ameacha kupepeta. Alisogea, akakitazama kiganja chake mwenyewe, akakificha ndani ya khanga. Kuku waliutumia muda huo vizuri.

Niliona wakati wangu umefika. Nilisafisha koo, nikayakusanya maneno niliyokuwa nimeyaandaa, maneno mazuri, yenye mithali mahali panapostahili. Mzee aliinua mkono kunizuia. Alimgeukia Festo.

"Mlango ni ule pale," akasema.

Katika Kiswahili tunachokijua sote, maneno hayo yana maana moja. Mtu akionyeshwa mlango, habari yake imekwisha. Festo alizikusanya brashi zake polepole, akainuka, na Kamanda ikainuka pamoja naye, imeng'ang'ania suruali. Uso wake ulikuwa umekwisha kusafiri. Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumfariji njiani, na nilikuwa nimeyapata mawili matatu, nilipokumbuka kufanya nililomfundisha yeye wiki nzima, yaani kutazama kwanza. Tulikuwa uani. Jua lilikuwa vichwani mwetu. Mtu aliye nje akionyeshwa mlango, anaambiwa nini?

"Festo," nikasema, "soma vizuri."

Alisimama. Aliutazama mlango, akamtazama mzee, akautazama mlango tena. Sesilia alikuwa ameshausukuma, ameshika jagi la maji ya kunawa. Festo akaliweka gunia chini, akaibandua Kamanda na kuiacha juu yake, akaenda. Alipofika kizingitini alinyoosha mkono mbele, akapapasa hewa hadi aliporidhika, ndipo akaingia.